Samaki Mmoja Akiugua, Usitie Dawa Bwawa Zima

UFUGAJI BORA

Wafugaji wengi wa samaki vijijini huweka samaki wa aina mbili katika bwawa moja. Huweka perege, ambao wengine huwaita sato. Pamoja nao huweka kambale. Perege huzaana upesi sana. Kambale hula vifaranga vya perege. Kwa hiyo perege hawazidi kupita kiasi, na wale wanaobaki hukua vizuri. Huu ni ufugaji mzuri.

Sasa fikiri kwamba asubuhi moja unakwenda bwawani. Unamwona perege mmoja amejitenga pembeni. Hali chakula. Ubavuni ana kitu cheupe kama pamba. Utafanya nini?

Watu wengi hukumbuka methali isemayo: Samaki mmoja akioza, wote huoza. Basi huingiwa na hofu. Hutafuta dawa yoyote iliyo karibu na kuimwaga bwawani. Mmoja humwaga vidonge vya rangi mbili alivyopewa hospitali. Mwingine humwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kesho yake samaki wanaelea, matumbo juu. Mgonjwa alikuwa mmoja tu. Waliokufa ni bwawa zima.

Methali ile inasema kweli juu ya samaki waliokufa, walio ndani ya kapu. Samaki walio hai wanataka njia nyingine. Mtoe mgonjwa, umtibu nje. Leo tutaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

KWA NINI USITIE DAWA BWAWANI?

Sababu ya kwanza ni kwamba bwawa ni nyumba ya wote. Dawa uliyomtilia perege mgonjwa itawapata perege wazima pia. Itampata na kambale. Kambale hana magamba. Ngozi yake ni tupu. Samaki wasio na magamba mara nyingi hudhurika upesi kwa dawa kuliko wenye magamba. Kipimo anachokivumilia mmoja huweza kumwua mwingine.

Sababu ya pili ni kwamba maji ya bwawa yana vijidudu vizuri. Vijidudu hivyo hatuvioni kwa macho. Kazi yao ni kubadili kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula visiwe sumu. Dawa za kuua vijidudu haziwezi kuchagua. Zinaua vibaya na vizuri. Vizuri vikifa, maji huanza kuwa sumu. Hapo hata samaki mzima huugua.

Sababu ya tatu ni gharama. Tufanye hesabu pamoja. Bwawa lako lina urefu wa meta 15, upana wa meta 10 na kina cha meta 1. Basi lina meta za ujazo 150. Hizo ni lita 150,000, yaani madebe 7,500. Ukitaka kutia chumvi gramu 10 katika kila lita, utahitaji kilo 1,500 za chumvi. Hiyo ni mifuko 30 ya kilo 50. Lakini ukimtibu mgonjwa ndani ya ndoo ya lita 20, utahitaji gramu 200 tu. Ipi ni rahisi?

Sababu ya nne ni afya yetu. Samaki huyu tutamla. Tutamlisha watoto na kumwuza sokoni. Dawa nyingine hubaki ndani ya nyama yake. Iko dawa ya rangi ya kijani inayoitwa malakaiti. Watu huitumia kwa samaki wa mapambo, wanaofugwa ndani ya vioo. Hao hawaliwi. Katika nchi nyingi ni marufuku kuitumia kwa samaki wa kuliwa. Mtu akikuletea, usiikubali.

KWANZA HAKIKISHA NI UGONJWA

Usianze na dawa. Anza kwa kutazama.

Nenda bwawani alfajiri, kabla jua halijachomoza. Je, perege wengi wako juu ya maji wakihema kwa midomo? Je, kambale wametulia kama kawaida? Kama ni hivyo, huenda perege wako si wagonjwa. Wamekosa hewa. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji kwa kiungo chake maalumu. Perege hawezi. Hutegemea hewa iliyomo ndani ya maji. Kwa hiyo maji yakipungukiwa hewa, perege huteseka kwanza. Katika jambo hili kambale ni shahidi wako.

Hapo dawa haifai kitu. Ingiza maji safi, yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Acha kutia samadi. Acha kuwalisha kwa siku moja au mbili.

Pima pia rangi ya maji. Ingiza mkono wako bwawani mpaka kiwiko, kiganja kikiwa kimefunguka. Kama kiganja hakionekani hata kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na maji ni ya kijani sana, basi umezidisha mbolea au chakula. Maji ya namna hiyo huishiwa hewa usiku.

Lakini kama ni samaki mmoja au wachache tu, nao wana alama mwilini, basi huo unaweza kuwa ugonjwa. Alama zenyewe ni hizi:

– Kitu cheupe kama pamba kwenye ngozi au mapezi. Huu ni ukungu. Mara nyingi huota mahali palipochubuka.

– Mapezi yaliyochakaa na kuliwa pembeni.

– Samaki kujisugua chini au kwenye kingo. Mara nyingi ana wadudu wa ngozi.

– Vidonda vyekundu, tumbo lililovimba, au macho yaliyotokeza nje.

– Samaki kuogelea akizunguka kama amelewa.

Zile alama tatu za kwanza, kama bado ni kidogo, unaweza kuzijaribu kwa chumvi. Zile mbili za mwisho huonyesha ugonjwa ulioingia ndani ya mwili. Chumvi haitauponya. Mtenge samaki huyo, kisha mwite afisa uvuvi.

JINSI YA KUMTIBU MGONJWA NJE YA BWAWA

Andaa vitu hivi: ndoo ya plastiki ya lita 20, pipa la plastiki linaloingia lita 100 au zaidi, wavu mdogo, kipande cha wavu cha kufunikia, na chumvi ya kupikia. Ndoo na pipa viwe havijawahi kutiwa sabuni, mafuta wala dawa ya mimea. Usitumie debe wala ndoo ya bati. Chumvi hula bati, na madini yanayotoka humo huwadhuru samaki.

1. Weka pipa kivulini. Litie maji lita 100. Ukichota bwawani, chota mahali palipo safi.

2. Pima chumvi. Kama huna mizani, nunua pakiti ya nusu kilo. Imwage juu ya karatasi kavu. Igawe mafungu 5 yaliyo sawa. Kila fungu litakuwa na gramu 100.

3. Chukua mafungu 3 uyatie ndani ya pipa la lita 100. Hizo ni gramu 300, yaani gramu 3 kwa kila lita. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke. Samaki asiingie kabla chumvi haijayeyuka, maana chembe za chumvi zitamwunguza.

4. Chukua mafungu 2 yaliyobaki uyatie ndani ya ndoo yenye maji lita 20. Hizo ni gramu 10 kwa kila lita. Koroga vilevile.

5. Mvue mgonjwa kwa wavu. Lowesha mikono yako kabla ya kumshika. Mkono mkavu huondoa ute wa samaki, na ute huo ndio ngao yake. Ukimshika kambale jihadhari. Mapezi yake ya ubavuni yana miiba.

6. Mtie ndani ya ndoo. Mwache kwa dakika 20, lakini usiondoke. Akianza kulala ubavu au kuhangaika sana kabla ya muda huo, mtoe mara moja. Usiseme, "Ngoja zitimie dakika 20." Samaki mwenyewe ndiye saa yako.

7. Mhamishie ndani ya pipa. Funika pipa kwa wavu. Perege huruka, na kambale hutambaa akatoka.

Usiweke samaki wengi ndani ya pipa. Samaki wawili au watatu wanatosha. Usiweke kambale mkubwa pamoja na perege mdogo, maana atamla hata kama yeye mwenyewe anaumwa.

HAPA WENGI HUKOSEA

Kila siku toa nusu ya maji ya pipa, uingize maji mapya. Ukitoa lita 50, umetoa nusu ya chumvi pia. Kwa hiyo katika zile lita 50 mpya tia gramu 150 tu, yaani fungu moja na nusu. Ukitia gramu 300 kila siku, chumvi itaongezeka siku hadi siku. Kumbuka kwamba maji yakikauka kwa jua, chumvi haiondoki. Inabaki. Kama maji yamepungua kwa kukauka tu, yaongeze bila chumvi.

Siku ya kwanza usimlishe mgonjwa. Baadaye mpe chakula kidogo sana. Asipokila, kitoe kisiozee humo.

Ukiona alama zimekwisha, naye anakula, mwache siku chache zaidi. Kisha mrudishe bwawani polepole. Mimina maji ya bwawa ndani ya pipa kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa, ili azoee joto na maji yake. Ndipo umwachie.

Kama hali yake haibadiliki kwa siku 5, au inazidi kuwa mbaya, usiongeze chumvi. Mwite afisa uvuvi wa kata au wa wilaya. Mwonyeshe samaki akiwa bado hai. Samaki aliyeoza haonyeshi ugonjwa wake. Mweleze ulianza kuona nini, siku gani, wamekufa wangapi, unawalisha nini, na kama ulileta vifaranga vipya karibuni.

DAWA ZA KUJIHADHARI NAZO

Dawa ya josho huua kupe. Nyingi kati ya dawa hizo huwaua samaki hata zikiwa kidogo mno. Usiitie bwawani. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa karibu na bwawa, wala kwenye mfereji unaoleta maji.

Utupa ni mmea wenye sumu kwa samaki. Wazee wetu waliutumia kuvulia mtoni. Watu huutumia pia kuua wadudu shambani. Usiutupe wala kuuosha karibu na bwawa.

Vidonge vya binadamu vya kuua vijidudu si vya kumwaga majini. Vikitumiwa ovyo, vijidudu vya ugonjwa huvizoea. Baadaye havitatibu samaki wala mtu. Kama samaki wanahitaji dawa ya namna hiyo, mtaalamu ndiye atakayesema dawa gani, kipimo gani, na siku ngapi zipite kabla ya kuwavua na kuwala.

WALIOKUFA NA VYOMBO

Samaki aliyekufa kwa ugonjwa usimle wala usimwuze. Usimtupe mtoni, maana utawapelekea ugonjwa wenzako wa bondeni. Mzike mbali na maji. Chimba shimo la kina, mbwa wasimfukue.

Maji ya ndoo na pipa yamwage mbali na bwawa, wala yasiingie shambani, maana yana chumvi. Osha wavu na ndoo, kisha vianike juani mpaka vikauke kabisa. Wavu mbichi hubeba ugonjwa kutoka bwawa hadi bwawa. Kama mnaazimana wavu kijijini, kila mmoja auanike kabla ya kumpa mwenzake. Nawa mikono kwa sabuni.

KINGA

Ukipata vifaranga vipya, usiwamwage bwawani siku hiyo hiyo. Waweke peke yao kwa wiki mbili. Weka chujio la wavu kwenye mfereji ili samaki wa mtoni wasiingie. Usizidishe chakula. Ukivuna samaki wote, acha bwawa likauke mpaka udongo upasuke, kisha nyunyiza chokaa kama utakavyoelekezwa na afisa uvuvi.

Ndugu msomaji, bwawa lako ni ghala la kitoweo na ada ya shule. Mgonjwa mmoja asikutie hofu ukaharibu ghala zima. Tazama kwanza. Mtenge. Pima. Ndipo utibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Alfajiri perege wote wanahema juu ya maji, lakini kambale wametulia. Je, utatafuta dawa? Utafanya nini?

2. Kwa nini hatutumii debe la bati kumtibia samaki kwa chumvi?

3. Pipa lako lina maji lita 60. Utatia chumvi gramu ngapi ili kila lita iwe na gramu 3? Ukitoa lita 30 na kuingiza mpya, utaongeza gramu ngapi?

4. Katika kijiji chenu, ni nani anayeosha bomba la dawa karibu na maji? Mtamshaurije?

Jibu la swali la 3: Utatia gramu 180. Baadaye utaongeza gramu 90.