Kilombero si pori tupu

Ukipanda njia ya Maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, unafika mahali miti inapoachia na bonde zima la Kilombero linajitandaza chini yako: mashamba ya miwa karibu, mpunga mbele yake, kisha majani na maji hadi macho yanapochoka. Wapiga picha wanapapenda hapo, na mimi siwalaumu. Ila picha nyingi zinazosambaa hukata miwa na mabati ya nyumba, zikabakiza kijani, ukungu na swala aina ya sheshe wawili watatu wanaokula majani. Anayeziona Dar es Salaam au Berlin huamini kwamba bonde hili halijawahi kuwa na mtu. Hapo ndipo ninapogomba: Kilombero inayouzwa bila historia yake inauzwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Hili lilikuwa bonde la mpakani kabla Mjerumani hajafika. Wandamba walivua na kulima mtoni, Wabena wakateremka, Wambunga, waliotokana na misukosuko ya Wangoni, wakashika Ifakara, na juu milimani Wahehe walikuwa tishio kwa wote. Ndiyo maana Mtema Kiwanga wa Wabena aliona afadhali kushikana na Wajerumani. Jirani zake waliamua vingine. Katikati ya Agosti 1905, wiki chache baada ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kuanza Umatumbi, Wambunga waliiangusha ngome ndogo ya Wajerumani pale Ifakara, na tarehe 30 Agosti wao na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge. Bombomu ziliwafyeka kwa mamia. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu dola ya Kijerumani iliigeuza njaa kuwa silaha: maghala na mashamba yalichomwa, na wengi wa waliokufa kusini hawakuuawa kwa risasi. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikubali vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanasema hadi 300,000. Vijiji vilipohamwa, vichaka na wanyama vilirudi, na mapori ya kusini-mashariki tunayoyasifu leo kuwa ya asili yalikuwa, kwa sehemu, makazi ya watu.

Wapo watakaosema mtalii hakulipa nauli kuja kusikiliza maiti. Hao hawajafika Songea, ambako makumbusho ya Maji Maji na kaburi la mashujaa walionyongwa Februari 1906 huvuta wageni, na kumbukumbu hufanyika kila mwaka. Hoja ngumu zaidi ni kwamba tutatonesha vidonda, maana wazee wa bonde hili hawakuwa upande mmoja. Ni kweli, na msimulizi mvivu anaweza kumfanya Kiwanga msaliti na wengine wote malaika. Lakini nchi hii ina utani wa makabila, ambao mara nyingi mizizi yake ni vita vya zamani, na watu wanaoweza kutaniana msibani wataweza kusikia kwamba babu wa huyu na babu wa yule walipigana. (Wanaoogopa kwa kawaida ni maofisa, si wanakijiji.)

Upo pia ubishi kwamba hakuna cha kupiga picha, kwani vita havikuacha magofu ya maana. Basi simama kwenye Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lililofunguliwa 2018, utazame upande wa Mahenge: mashujaa wa Ifakara walielekea huko, na mto huu ulikuwa njiani. Halmashauri za Ifakara na Ulanga hazihitaji mamilioni kuweka kibao hapo, na waongoza watalii wa Udzungwa, ambao wengi ni vijana wa vijiji vya jirani, wanaweza kufundishwa simulizi hii ndani ya wiki moja. Waandae pia bei yake, kwa kuwa maelezo ni kazi kama kubeba mzigo, na kwa sasa mgeni anayapata bure au hayapati kabisa.