Hofu haifundishi kazi

Ndugu zangu wa Kalemie, na ninyi wa Moba, Nyunzu, Kabalo, Kongolo na Manono, leo ninataka tuongee juu ya jambo linalotula polepole bila kelele: namna tunavyofundishana kazi. Kila siku tunalalamika kwamba vijana hawajui kitu. Mkubwa wa depo analalamika, direkta wa shule analalamika, daktari wa lopitali analalamika, na fundi wa gereji vilevile. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojiuliza kijana huyo alijifunzia wapi, kwa nani, na siku alipouliza alijibiwa nini? Mimi nasema wazi: mahali pengi kazi haiendelei kwa sababu mdogo anamwogopa mkubwa, na mkubwa anapenda kuogopwa.

Mji wetu ulizaliwa na kazi. Reli ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mji ungali ukiitwa Albertville. Bandari ikapokea mizigo ya kwenda na kutoka Kigoma. Baadaye kiwanda cha Filtisaf kikasokota pamba na kufuma vitambaa. Hakuna aliyezaliwa akijua kuunga behewa, kufungua injini ya meli au kupitisha uzi katika mashini ya kufumia. Kila mmoja alifundishwa na mtu. Leo Filtisaf iko kimya, treni ni ya kubahatisha, na wazee waliotambua ugonjwa wa mashini kwa kusikia mlio wake tu wanazidi kutuaga. Palipokuwa na mzee aliyekubali kuulizwa, yuko kijana anayeendeleza ufundi wake. Palipokuwa na mzee aliyeficha ujuzi wake akihofia kunyang'anywa nafasi, ujuzi huo amezikwa nao.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Lev Vygotsky, msomi wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alifundisha kwamba tusimpime mwanafunzi kwa yale anayoyaweza peke yake tu. Tutazame pia yale anayoyaweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mtu anamokua. Analoliweza leo kwa kushikwa mkono, kesho ataliweza mwenyewe. Basi mkubwa anayemwambia kijana "fanya" kisha akaondoka, hakumfundisha. Na yule anayemnyang'anya kila chombo mkononi akisema "wacha, utaharibu", naye hakumfundisha. Kufundisha ni kukaa karibu, kusaidia palipo pazito, na kuuondoa mkono kidogo kidogo.

Mwanamke mmoja msomi wa Marekani, Jean Lave, alikwenda kuwatazama mafundi cherehani wa Kivai na Kigola huko Liberia. Aliona kwamba mwanafunzi haanzi kwa kukata kitambaa. Anaanza mwishoni mwa kazi: kushona vifungo, kupinda pindo, kupiga pasi. Baadaye anaunganisha vipande, na kukata kunakuja nyuma ya yote, kwa sababu kosa la mkasi ni hasara, lakini kosa la kifungo linafumuliwa na kurudiwa. Na anapopiga pasi nguo iliyokamilika, anajifunza nguo nzuri inavyokuwa kabla hajashona hata moja. Mwaka 1991, pamoja na Etienne Wenger, alitoa kitabu kinachoeleza kwamba mtu hujifunza kazi kwa kukubaliwa miongoni mwa wenye kazi, akianzia pembeni na kusogea katikati.

Sisi wa ziwani hatukuhitaji kusafiri mpaka Liberia kuliona hilo. Nenda ufukweni jioni, siku za giza la mwezi, wavuvi wa ndakala, wale samaki wadogo, wakitayarisha taa zao. Mtoto anayeingia mtumbwini mara ya kwanza hapewi wavu. Anapewa kopo la kutolea maji. Lakini akiwa anatoa maji, macho yake hayalali: anaona taa inawashwa lini, nani anatoa neno la kuvuta wavu, upepo ukigeuka wakubwa wanatazama wapi. Kazi yake ni ndogo, ila yumo ndani ya kazi yenyewe. Tofauti inatokea anapouliza, "Baba mdogo, mbona tunahama hapa?" Akijibiwa, miaka michache baadaye tuna mvuvi. Akipigwa kofi, tunabaki na mtu wa kutoa maji mpaka uzee.

Sasa tuingie mahali ambapo hofu inaua watu. Kalemie inajulikana duniani kwa kolera, na sababu yake tunaijua: watu wengi wanakunywa maji ya ziwa na ya mto Lukuga bila kuyatia dawa. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kufa kwa saa chache tu asipopewa maji na chumvi kwa haraka. Katika kituo cha kolera kuna ndoo za klorini, na hazilingani: maji ya kunawia mikono yana klorini ya asilimia 0.05, na yale ya kusafishia matapishi ni makali zaidi kwa mbali. Mtazame mfanyakazi mgeni, labda ni mwenye kupangusa sakafu tu. Anaona ndoo zimebadilishwa mahali. Aliyezibadilisha ni mkubwa wake. Atasema? Kama jana mwenzake alifokewa mbele ya wagonjwa kwa kusema, huyu atafunga mdomo, na watu watanawa kwa dawa ya sakafu au sakafu itaoshwa kwa maji yasiyoua kitu.

Amy Edmondson, mtaalamu wa Marekani, alilichunguza jambo hili katika hospitali za kwao. Alitarajia kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi! Alipochunguza zaidi akaelewa: katika timu hizo watu waliweza kuyataja makosa yao, na penye mkubwa mkali makosa yalifichwa. Mwaka 1999 aliandika kwamba timu hujifunza pale watu wake wanapoamini kuwa hawataaibishwa kwa kuuliza au kukiri. Ninyi wakubwa, lizingatieni hilo. Ukiona ofisini kwako hakuna kosa linalotajwa mwaka mzima, usijisifu. Huenda wanakuogopa tu.

Najua nitajibiwa: "Sisi ni Waafrika, kwetu mkubwa haulizwi, heshima itapotea." Ndugu yangu, heshima ninaipenda, nami sisemi kijana amrukie mzee kwa maneno makali. Kuna namna ya kuuliza, kwa sauti ya upole na kwa wakati wake, na watoto wafundishwe namna hiyo. Lakini wazee wetu wenyewe walituachia neno hili: kuuliza si ujinga. Mzee anayejua kazi yake haangushwi na swali. Anayeanguka ni yule aliyekuwa amesimama juu ya cheo tu.

Wengine watasema, "Nikiwaachia waseme, watagombana." Ni kweli, watagombana. Bruce Tuckman, mwaka 1965, alikusanya maandishi mengi juu ya vikundi akaona mwendo wake unafanana: watu hukutana kwa adabu, kisha huvutana, kisha hukubaliana kanuni, ndipo wanafanya kazi vizuri. Kalemie yetu ni ya watu wa kila upande, Watabwa, Waholoholo, Waluba, Wabembe na wengine, na miaka ya 2016 na 2017 ilipokea maelfu waliokimbia vita vijijini. Timu yoyote hapa itakuwa na mivutano. Mkubwa mwenye akili hauzimi mvutano kwa kufoka. Anausikiliza, anautengenezea kanuni, na timu inavuka.

Na walimu je? Tangu shule za msingi za serikali zifanywe za bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mmoja mbele ya umati anakimbilia njia nyepesi: yeye aseme, watoto waitikie kwa pamoja. Darasa linavuma, lakini nani ameelewa? Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma tena, wengine walifunga karatasi wakajaribu kuyakumbuka wenyewe. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na wale waliojijaribu asilimia 56. Hilo halihitaji pesa. Mwalimu, futa ubao, waweke watoto wawili wawili, kila mmoja amwambie mwenzake alichoshika bila kutazama daftari. Atakayekosea asichekwe, maana akichekwa leo, kesho hatafungua kinywa.

Basi nawaomba mambo matatu. Ninyi wakubwa wa kazi, kila jioni waulizeni watu wenu: leo nini kilikwenda vibaya, na tufanyeje kesho? Atakayesema kwanza, mshukuruni mbele ya wengine. Ninyi mafundi wazee, kila mmoja achague kijana, ampe kazi ndogo leo na kubwa kesho, na asimfiche neno. Nanyi vijana, ulizeni kwa adabu, na mkikosea semeni kabla hamjagunduliwa. Hakuna mfadhili tunayemngoja kwa haya, wala serikali haijatukataza. Mkubwa anayeondoka kazini bila kuacha hata mmoja aliyemzidi, huyo hakufanya kazi yake.