UCHAMBUZI: Alama 6 zilivyomfanya mhakiki wa michezo ya video apigwe kalamu

MNAMO Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mkurugenzi wa uhariri katika tovuti ya GameSpot nchini Marekani, alipigwa kalamu. Takriban wiki mbili awali, alikuwa ameupa mchezo wa video uitwao Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10.

Wakati huo, kurasa za tovuti hiyo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo uo huo, yaliyolipiwa na Eidos, kampuni iliyouchapisha.

CNET, iliyomiliki GameSpot, ilikana kwamba ilimfuta kwa shinikizo la watangazaji. Gerstmann naye alinyamaza, kwani mapatano ya kuagana yalimfunga mdomo. Alifunguliwa Machi 2012, pale CBS Interactive, mmiliki mpya wa GameSpot, iliponunua Giant Bomb, tovuti aliyoianzisha mwaka wa 2008. Ndipo akasimulia jinsi wasimamizi wageni katika kazi hiyo walivyotetemeka wachapishaji walipotishia kuondoka na fedha zao.

Ajabu ni kwamba wahakiki wengi wengine nao hawakuusifu sana mchezo huo.

Gazeti la kawaida likikosana na benki, bado lina matangazo ya sabuni na simu. Tovuti ya michezo haina pa kukimbilia: anayehakikiwa ndiye anayelipa mishahara, na mkono mtupu haulambwi.

Hata pasipo matangazo, mchapishaji ana fimbo nyingine. Yeye ndiye hutoa nakala kabla ya mchezo kuuzwa. Anayenyimwa huchapisha uhakiki wake wakati wasomaji wamekwisha kununua. Novemba 2015, tovuti ya Kotaku ilifichua kwamba Bethesda na Ubisoft zilikuwa zimeisusia baada ya kuchapisha habari ambazo kampuni hizo zilitaka zibaki siri.

Lakini wachapishaji hawasumbukii alama kwa kiburi tu. Studio ya Obsidian, iliyounda Fallout: New Vegas mwaka wa 2010, ilikuwa imeahidiwa bonasi na Bethesda iwapo wastani wa alama za wahakiki katika Metacritic ungefika 85. Ulifika 84, na bonasi ikapotea. Maadamu mikataba ya aina hiyo inaandikwa, kalamu ya mhakiki inagusa mifuko ya watu asiowajua, na wenye mifuko hiyo hawatakosa kubisha mlangoni kwa mhariri.