Jeki si Stendi



Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikakoma hapo. Mji wa Meru na mji wa Embu haikupata reli wakati ule, wala haijapata mpaka leo. Kwa hiyo saruji, mbolea na mabati ya watu wetu huletwa kwa trela, na sisi wa reli, tuliozoea springi za mabehewa, hatuwezi kusema kwamba springi za trela hazituhusu. Anayelala chini ya chuma ni ndugu yetu.

Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 18 juu ya ekseli mbili zilizo pamoja, zenye matairi manane. Baina ya springi ya mbele na ya nyuma kuna mkono wa chuma unaobembea, ndio unaogawa uzito huo kwa ekseli zote mbili. Vyote hivyo vinashikwa na bolti na bushi tu. Girisi isipofika, bushi huisha, tundu hupanuka likawa kama yai, ekseli hukaa upande na matairi huliwa. Tajiri akiona tairi limeliwa hununua tairi jingine. Bolti haitazami.

Mwaka jana, katika karakana moja ya barabara ya Embu kwenda Meru, nilimkuta kijana amelala chini ya trela akipiga bolti kwa nyundo. Trela ilikuwa juu ya jeki moja, na jeki juu ya udongo. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, stendi ziko wapi?" Akanijibu, "Kaka, tajiri anasema stendi ni mambo ya Nairobi." Tukiwa katika maneno hayo jeki ikazama kidogo. Alitoka kwa tumbo, mbio kama mjusi. Tulicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Kazi hii ina njia yake. Trela hushushwa mzigo, huwekwa mahali pagumu palipo sawa, magurudumu hutiwa kabari, kisha fremu hukalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kumlinda mtu. Bushi na bolti hubadilishwa pande zote mbili, si upande uliolia peke yake. Yubolti zikishafunguliwa hazirudishwi, kwa kuwa zimekwisha vutika. Mpya hukazwa kwa zamu, pembe kwa pembe. Halafu hupimwa kutoka pini ya mbele mpaka kila ncha ya ekseli, na kulia kuwe sawa na kushoto.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, nati hukazwa tena. Hapa ndipo matajiri wengi wanapotudhulumu, maana hawataki kulipa saa hiyo. Wanaiita kurudia kazi. Sivyo, ni kazi ile ile ambayo haijaisha, na kazi hulipwa.

Kila dereva wa kwetu anaujua mteremko wa daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, wakafa watu zaidi ya 30. Sisemi springi ndizo zilizoliangusha. Nasema mahali kama pale si pa kupeleka trela iliyofungwa kwa yubolti za zamani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi wajibu wa kumwarifu msimamizi akiona hatari kubwa, na tajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi, na uandike siku na saa.

Tawi letu linaandika barua kwa wenye karakana. Tunataka stendi nne kwa kila trela inayoinuliwa, sakafu ya saruji, yubolti mpya kila mara, na malipo ya kukaza mara ya pili. Mwenye habari ya karakana isiyo na stendi amletee katibu kabla ya mwisho wa mwezi.