HABARI ZA KITONGOJI CHETU: Ziwa Lilipopumzishwa



Sisi huku ukingoni mwa Ziwa Tanganyika hatujambo, ila matope. Mvua zimekwisha anza, na milima iliyo nyuma ya kitongoji chetu, ambayo juzi tu ilikuwa myeusi kwa moto wa nyika, imevaa majani mabichi. Wanawake wamo mashambani tangu alfajiri, na wenye kuanika dagaa wanatazama mawingu kwa wasiwasi. Maana dagaa hutaka jua la siku moja kamili, na mvua ikiwakuta mchangani huoza, jasho la mtu likapotea.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa bara, msomaji wetu wa siku nyingi, alituandikia akiuliza: "Nimesikia ya kuwa mwaka 2024 ziwa lenu lilifungwa miezi mitatu. Ziwa hufungwaje, nalo halina mlango? Nanyi mlikula nini?" Swali hili lastahili jibu, wala si la maneno mawili, maana ndani ya jibu limo jambo lililotuaibisha sisi wenyewe, na pia jambo lililotufundisha.

Kwanza wasomaji wa bara wajue kazi yetu ilivyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mchana hukaa chini katika maji mengi, na usiku hupanda juu wakifuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Wavuvi huwasha taa, nao dagaa hukusanyika penye mwanga, na migebuka huwafuata ili kuwala. Zamani wazee wetu walichoma mienge ya kuni na matete mbele ya mtumbwi. Kisha zikaja karabai. Siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hushinda taa zetu, samaki hutawanyika, na vyombo hupumzika pwani huku nyavu zikishonwa. Kwa hiyo sisi hatuhesabu siku kwa kalenda peke yake, bali kwa giza na mbalamwezi. Mtu akikopa debe la mahindi husema, "Nitalipa giza lijalo."

Basi ziwa hili ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hawajui mpaka wa nchi. Kwa miaka mingi wavuvi wameongezeka, nyavu zimekuwa nyingi na matundu yake madogo, hata samaki wachanga wakachukuliwa kabla ya kuzaa. Tena mwaka 2003 wataalamu waliandika ya kuwa maji ya juu ya ziwa yamezidi kupata joto, hayachanganyiki na maji ya chini kama zamani. Na kwa kuwa rutuba ya ziwa hutoka chini, chakula cha samaki kimepungua. Kwa mapatano ya nchi hizo nne, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Mlango wa ziwa, ee ndugu mwalimu, ni amri hiyo.

Siku ile ya Mei tulipokusanyika kwa sala ya jioni, tuliifurahia amri. Tulisoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, jinsi wana wa Israeli walivyoagizwa kuiacha nchi ipumzike mwaka wa saba. Tukasema, hili nalo ni pumziko la ziwa, na Mkristo hana budi kulitii. Vyombo vikavutwa juu, taa zikatiwa ndani, na usiku ule ziwa, ambalo kwa kawaida huonekana kama mji wenye taa nyingi, likawa jeusi toka upande huu mpaka macho yasipofika.

Mwezi wa kwanza haukuwa mgumu. Mahindi na maharage yalikuwa yamevunwa, muhogo ulikuwa shambani, na michikichi haikutunyima mawese. Chakula kilikuwapo kwa mwenye shamba. Lakini si kila mtu ana shamba. Vijana wengi wa kitongoji ni mabaharia katika vyombo vya watu wengine. Hawana mtumbwi, hawana wavu, wala hawana kipande cha ardhi, maana walikuja kwa ajili ya ziwa. Sehemu yao hugawanywa pwani asubuhi, na jioni imekwisha liwa. Kadhalika wanawake waanikaji, ambao hununua dagaa wabichi kwa mkopo na kulipa wakiisha kuuza: kwao ziwa lilifungwa, deni halikufungwa. Mwezi wa Julai shule zilipofunguliwa, watoto kadhaa hawakuonekana, kwa kukosa madaftari na sare. Hayo tuliyaona, tukasema "Pole," tukapita.

Sasa twafika mahali pa aibu. Jioni moja ya Julai, upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu, mama mmoja alipiga hodi nyumbani kwetu. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya muhogo, na chini ya majani walikuwamo migebuka wawili, mashavu yao mekundu bado. Bei yake ilikuwa ndogo. Hatukuuliza neno, tulilipa, mama wa nyumba akawapika kwa mawese, tukaketi kula. Mtoto wetu aliye darasa la nne akatazama sahani, akauliza, "Baba, ziwa si limefungwa? Samaki hawa wametoka wapi?" Tukamwambia, "Kula, mwanangu." Akala. Lakini sisi hatukuweza kumtazama machoni, na ladha ya samaki ikatupotea.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walikutana. Habari ilikuwa imeenea ya kuwa kijana mmoja, Mkristo aliyebatizwa kwetu, huingia ziwani usiku wa manane kwa mtumbwi wa kuazima. Wengine walitaka azuiwe Meza ya Bwana mara moja. Hoja yao ilikuwa na nguvu, maana mtu mmoja akivunja amri kwa siri, aliyeitii huonekana mjinga. Tulinyamaza kitambo; kisha tukaona kunyamaza ni uongo, tukasimama tukasema, "Wazee wangu, mvuvi akizuiwa, mlaji naye azuiwe. Sisi tulimnunua samaki wake na tukamla." Hakuna aliyejibu. Wawili kati ya wazee waliinamisha vichwa, tukajua ya kuwa kikapu kile hakikupita kwetu peke yetu.

Ndipo mzee mmoja, mwenye vyombo viwili na duka, akauliza, "Kijana huyu ni baharia wa nani?" Akatazama chini, akajijibu mwenyewe: "Ni baharia wangu. Miaka sita amenivulia. Tangu Mei sijakanyaga mlango wake."

Kijana aliitwa. Alikuja na nguo zake za Jumapili, akasimama karibu na mlango. Hakujitetea. Alisema tu ya kuwa mkewe amejifungua mwezi wa Juni, wanakula mara moja kwa siku, na maziwa ya mama yamepungua. "Najua ni kosa," akasema, "lakini sikujua pa kugonga." Neno hilo la mwisho lilituchoma kuliko yote, maana katika kitongoji chenye nyumba zisizofika sitini, za Wakristo zikiwa zaidi ya nusu, kijana wetu hakujua mlango wa kugonga.

Tulipofungua tena ile sura ya 23 ya Kutoka tuliona tulivyoisoma nusu. Agizo la kuiacha nchi ipumzike halikuishia kwenye nchi. Limeelezwa pale pale ya kuwa maskini wa watu wapate kula. Sisi tulishika pumziko, tukamsahau maskini.

Yaliyoamuliwa ni haya. Kijana alionywa mbele ya wazee; na mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwapo, akamwambia wazi kwamba safari ya pili jambo litafika kwa bwana samaki. Wavu wake uliwekwa katika ghala ya kanisa mpaka siku ya kufunguliwa. Sisi tulionunua tulionywa vile vile, nasi tulikubali. Mwenye chombo alimpa kijana mahindi kwa hesabu ya kulipana baadaye, na kipande cha shamba apande muhogo. Tena kila nyumba yenye akiba ilitakiwa kuleta pishi moja ya nafaka kila Jumapili. Mjane mmoja alisimama akasema, "Mbona mnaanza na aliyevunja amri, na sisi tulioshika tuna njaa tangu Juni?" Maneno yake yalikuwa ya haki kabisa. Tukaanza na wajane.

Hatusemi ya kuwa shida ilikwisha. Nyumba nyingine zilileta nusu ya pishi, na nyingine hazikuleta kitu. Lakini watoto watatu walirudi shuleni kwa madaftari yaliyonunuliwa na akina mama wa kanisa, na hatukusikia tena mtumbwi wa usiku wa manane.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Wasomaji wa bara watadhani usiku ule tulijaza vyombo. La! Zilibaki siku nne tu mwezi uwe mpevu. Amri ilikuwa imefungua, na mbalamwezi ilikuwa imefunga. Vijana walicheka, wakakaa mchangani wakishona nyavu. Giza lilipoingia mwisho wa mwezi, taa zilionekana tena juu ya maji, na watoto walitoka nje kuzihesabu. Vyombo vingine vilipata vizuri, vingine kidogo. Kuna waliosema samaki wameongezeka, na kuna waliosema ni bahati ya usiku mmoja. Sisi twaona msimu mmoja hautoshi kuhukumu. Apandaye mchikichi hangoji mawese mwaka ule ule.

Ndugu mwalimu, hilo ndilo jibu letu. Ulituuliza tulikula nini. Tulikula mahindi na muhogo, na jioni moja tulikula samaki wa kuona haya. Tangu wakati ule mwenye chombo yule na mabaharia wake huweka fungu dogo kila giza katika sanduku lenye kufuli mbili, moja yake, moja yao. Twawashauri wasomaji wetu wote wa ukingoni wafanye hivyo, na wale wa bara vile vile, kwa maana kila mahali upo msimu wa kufungwa, hata kama hauna tarehe. Na kabla ya kumhukumu jirani aliyekosa, ulizeni kwanza ni baharia wa nani.

Habari nyingine kwa ufupi. Mtoto wa yule kijana amebatizwa, naye ana afya. Bibi mmoja, wa kwanza kufundisha akina mama kusoma katika kitongoji chetu, amelala katika Bwana. Aliwaombea wavuvi kila usiku wa upepo. Paa la darasa la pili limeezekwa upya. Wenye watoto wadogo wachemshe maji ya kunywa siku hizi za mvua, kwa kuwa mifereji yote ya kitongoji humwagikia ziwani pale tunapochota.

Kwaherini mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda.

Sisi wenu wa ukingoni.