Kodi na Safari za Wananchi

Katika mabaraza ya Tandika na Mwananyamala, ambako ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wameweka makazi, husikika neno hili: kodi ya Serikali ndiyo iliyotuhamisha. Neno hilo haifai kulipuuza, wala haifai kulikubali pasi na kulipima.

Historia inaonyesha kwamba kodi yaweza kuhamisha watu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba huku bara, na ilipaswa kulipwa. Mkulima asiyekuwa na rupia aliacha shamba lake akaenda kufanya kibarua katika shamba la mlowezi. Waingereza nao wakaendeleza mtindo huo, na manamba wakamiminika katika mikonge ya Tanga. Mkoloni alitaka fedha, lakini alitaka pia mikono ya watu.

Visiwani, katika miaka ya 1970, mkulima wa karafuu alilazimika kuliuzia Shirika la Serikali peke yake, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile ya soko la dunia. Makato hayo hayakuitwa kodi, lakini yalikuwa kodi nzito kuliko zote. Karafuu zikavushwa kwa magendo kwenda pwani ya Kenya, na vijana wengi nao wakavuka bahari kutafuta riziki Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliamua kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na karafuu zikarejea kwa wingi katika vituo vya ununuzi. Hilo ni funzo kubwa kuliko doria yoyote.

Hata hivyo, tuseme kweli. Mpemba mwenye duka Tandika hulipa leseni, ushuru na kodi ya mapato, na wala hafungi virago. Anabaki kwa sababu hapa pana wanunuzi. Kwa hiyo basi, kodi peke yake haimhamishi mtu. Kinachomhamisha ni kutozwa pasipo kuona haki wala faida ya anachotozwa.

Ndiyo maana viongozi wetu hawana budi kujihadhari. Kodi ya majengo ilipounganishwa na ununuzi wa umeme mwaka 2021, mpangaji wa chumba kimoja alijikuta akikatwa fedha kwa ajili ya nyumba isiyo yake. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini manung'uniko yalikuwa makubwa, kwani mtu huumizwa zaidi na dhuluma kuliko na gharama. Hata zaka ina kiwango kinachojulikana, na makundi manane ya wanaostahiki kupewa yametajwa. Kodi nayo na iwe hivyo: kiwango kijulikane, anayepaswa kulipa awe ndiye anayelipa, na matumizi yake yaonekane katika barabara, maji na zahanati za mtaa ule ule uliotoa.

Nanyi ndugu wa Visiwani, kukwepa kodi si dawa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lipeni, mdai stakabadhi, kisha mkaulize katika mikutano ya mtaa fedha zimekwenda wapi. Kuuliza ni haki ya mlipaji, na kujibu ni wajibu wa kiongozi.