Tuwapeleke Watoto Wakaokote Meno ya Papa



Kila ukiwadia wakati wa kupanga safari ya watoto, rai huwa ni ile ile: mabembea. Mwaka huu natoa rai nyingine. Tuwapeleke Beltinge, pwani ya Kent karibu na Herne Bay, wakaokote meno ya papa.

Najua wako watakaocheka. Papa gani, na baridi hii ya Uingereza? Lakini meno hayo ni ya kale mno, yapata miaka milioni 55, zama ambazo bahari ya huku ilikuwa na joto. Pale Sheppey, si mbali sana na hapo, huokotwa hata mbegu za mitende ya vinamasi zilizogeuka jiwe. Papa hana mfupa. Mwili wake hushikwa na gegedu, nalo huoza. Meno ndiyo yanayosalia, tena ni mengi, kwani humng'oka na kuota mengine maisha yake yote. Zamani Ulaya watu walidhani ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe, hata Nicolaus Steno alipopasua kichwa cha papa huko Florence mwaka 1666, akaandika mwaka uliofuata kuwa ni meno. (Mvuvi yeyote wa kwetu angewaambia bila ya kupasua kitu.)

Kuchimba hakuna haja, wala kukaribia genge la udongo, kwani huporomoka. Haja ni kujua bamvua. Meno huonekana kwenye changarawe za chini kabisa, maji yanapokupwa sana. Bibi zetu waliokwenda pwani kuokota chaza walijua hesabu ya mwezi bila ya kitabu. Wajukuu wao wa London hawajui bamvua ni nini, na hata neno lenyewe hawajapata kulisikia. Hapo watalisikia, na maji watayaona kwa macho yao.

Baadhi ya wazazi huona wepesi kununua dukani jino kubwa la megalodoni, papa aliyetoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Jino zuri, linang'aa, lakini aghalabu halina khabari ya lilikotoka. Mwaka 2020 David Attenborough alimpa mtoto wa kifalme, George, jino la namna hiyo, akasema aliliokota Malta miaka ya 1960. Mara waziri mmoja wa Malta akataka lirudi kwao, kisha neno hilo likaachwa. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema Malta iliweza kulidai kwa kuwa mahali pake palitajwa.

Basi kila jino la watoto wetu, hata likiwa dogo kama ukucha, litiwe katika bahasha yake, juu yake pakiandikwa: limeokotwa wapi, siku gani, na nani. Kabati zetu zimejaa picha za harusi ambazo hapana tena awezaye kumtaja aliyesimama kushoto.

Kwa hiyo kamati isichague siku kwa kutazama likizo za skuli peke yake. Itazame na jedwali la maji, na watoto wavae mabuti ya mpira, maana matope ya pale hushika mguu. Waondoke ufukoni kabla maji hayajaanza kujaa. Bahasha na kalamu nitakuja nazo mimi.